Kurudisha Rangi ya Nguo Zilizopauka: Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mkaguzi wa vyama vya ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya wakulima wa pamba. Tunayachapisha kwa ombi la makatibu waliohudhuria.)



Najua kwamba mkaguzi anaposimama mbele ya makatibu, kila mmoja huutazama mkoba wake na kujiuliza kama stakabadhi zote zimo. Leo tulieni. Sikuja kufungua leja ya mtu. Nimekuja kuzungumza juu ya nguo zilizopauka, na jinsi ya kuzirudishia rangi nyumbani kwa gharama ndogo.

Huenda mmoja wenu akauliza: mambo ya nguo yana uhusiano gani na ushirika? Nitamjibu kwa historia. Duka la ushirika ambalo ulimwengu mzima hulitaja kuwa chimbuko la taratibu zetu lilifunguliwa mjini Rochdale, Uingereza, mwezi wa Desemba 1844. Miongoni mwa waliolianzisha walikuwamo wafumaji wa vitambaa, watu waliotengeneza nguo za wenzao huku mishahara yao haiwatoshi kununua unga na siagi. Nasi tuliomo humu ni wakulima wa pamba. Tunapanda mbegu, tunapalilia, tunachuma na kupima. Kisha pamba yetu husafiri mbali na kuturudia ikiwa nguo. Ni haki yetu kujua nguo hiyo inaishi vipi, na inapochakaa tufanye nini.

Sababu ya pili ni ya mfukoni. Shule hufunguliwa Januari. Mwezi huo pamba yetu ingali changa shambani, na fedha za msimu uliopita zimekwisha. Katika vyama vingi nilivyokagua nimeona maombi ya mikopo ya Januari yakirudia maneno yale yale: sare za shule. Asiyepata mkopo humwendea mtu wa kumkopesha kwa masharti magumu, na deni hilo hulipwa kwa pamba ambayo bado haijachanua. Mara nyingi sketi au kaptula inayosababisha deni hilo haijachanika hata kidogo. Imepauka tu. Mtoto ameambiwa shuleni kwamba sare yake si bluu tena, naye mzazi ameona aibu.

KWA NINI NGUO HUPAUKA

Rangi ya nguo ni chembe ndogo mno zilizojishika kwenye nyuzi. Zipo adui nne zinazoziondoa.

Ya kwanza ni jua. Mwanga mkali huzivunja chembe za rangi, nazo zikishavunjika hazionyeshi rangi yake ya awali. Ndiyo maana mabega ya koti hupauka kabla ya makwapa, na pazia hupauka upande wa dirisha. Ya pili ni sabuni kali na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ambayo wengi huiita jiki. Dawa hiyo haichagui; hula doa, hula na rangi. Ya tatu ni msuguano: kufikicha nguo juu ya jiwe na kukaa juu ya madawati. Ya nne ni maji yenyewe, hasa ya moto, ambayo kila mara huondoka na chembe kidogo za rangi isiyoshika vizuri.

Lakini ipo hali nyingine inayofanana na kupauka, nayo si kupauka. Maji ya visima vingi ni magumu, yaani yana madini mengi. Sabuni ikikutana na madini hayo hufanya utando wa kijivu unaoganda juu ya nyuzi. Nguo nyeusi huonekana kama imepakwa majivu. Kwa hiyo, kabla ya kununua rangi, loweka nguo hiyo kwa nusu saa katika beseni la maji ya vuguvugu yaliyotiwa kikombe kimoja cha siki nyeupe, kisha uisuuze kwa maji mengi. Ikiwa rangi inarudi, umeponea hapo. Hukuwa na haja ya kutumia fedha zaidi.

JAMBO LILILONIFUNDISHA

Ndugu zangu, sasa niwasimulie tukio moja. Chama sitakitaja, wala jina la mtu sitalitaja, kwa kuwa mambo yalikwisha kwa amani.

Miaka michache iliyopita kikundi cha akina mama wanachama wa chama kimoja cha msingi kiliomba mkopo mdogo wa shilingi 60,000 ili kitie rangi upya sare 40 za watoto, sketi na kaptula za bluu. Bodi ilikubali. Kila mzazi alilipa shilingi 2,000 kwa nguo moja, jumla shilingi 80,000. Hesabu ilikuwa nzuri: mkopo ungerudi, na kikundi kingebaki na shilingi 20,000.

Kazi ilifanywa kwa siku mbili. Siku ya kwanza zilitiwa rangi nguo 15, nazo zilitoka bluu ya kupendeza, kama mpya. Siku ya pili zilitiwa rangi nguo 25 zilizobaki. Hizo zilipokauka zilikuwa na rangi hafifu, nyingine zikiwa na mawimbi kama maji yaliyotibuliwa. Wazazi walikasirika na kudai fedha zao. Kikundi kiliwarudishia wazazi 25 shilingi 50,000. Zikabaki shilingi 30,000 mkononi, na deni la chama ni shilingi 60,000. Upungufu: shilingi 30,000.

Hapo maneno yakaanza. Katika zile nguo 15 nzuri zilikuwamo sketi mbili za watoto wa mama mweka hazina wa kikundi. Watu wakasema: ametia rangi nyingi kwenye nguo za kwanza ili za wanawe zipendeze, na za siku ya pili akazitilia maji tu, rangi akaiuza. Wengine waliacha kumsalimu kisimani. Niliitwa kukagua.

Nilifanya kazi yangu kama nilivyofundishwa. Niliona stakabadhi ya pakiti 16 za rangi. Mama yule alinionyesha pakiti tupu 16 alizozihifadhi ndani ya kopo. Nikajisemea kwamba pakiti tupu haithibitishi unga wake uliingia sufuriani. Nguo zilizopauka zilikuwa mbele yangu, na mweka hazina ndiye aliyeshika rangi. Usiku ule niliandika rasimu ya taarifa, na katika rasimu hiyo niliandika kwamba upungufu wa shilingi 30,000 ulipwe na mama mweka hazina.

Asubuhi alikuja mzee mmoja, fundi cherehani wa pale sokoni. Alinisalimu, akakaa, akaniuliza: "Bwana mkaguzi, fedha umezihesabu, pakiti umezihesabu. Na nguo zenyewe je, umezikagua?"

Nikamwambia, "Nimeziona, Mzee."

Akasema, "Kuona si kukagua." Akatoa uzi mmoja kutoka kwenye pindo la kaptula iliyopauka, na uzi mwingine kutoka kwenye sketi iliyoshika rangi. Akawasha njiti ya kiberiti. Uzi wa sketi uliwaka kama karatasi, ukatoa harufu ya karatasi iliyoungua, ukaacha jivu jepesi lililopeperuka. Uzi wa kaptula haukuwaka hivyo. Ulijikunja, ukayeyuka, ukadondosha tone jeusi lililoganda likawa gumu kama shanga.

"Hii ni pamba," alisema, "nami ndiye niliyeishona. Zile nguo 15 zote nilizishona mimi kwa kitambaa cha pamba. Hizi 25 zilinunuliwa madukani zikiwa tayari. Hizi zina nyuzi za kiwandani. Hata ungezichemsha mwezi mzima zisingeshika rangi ile."

Nilimwita mama mweka hazina na wenzake, nikawauliza swali ambalo ningepaswa kuuliza tangu mwanzo: siku ya pili, baada ya kutoa nguo, maji yaliyobaki sufuriani yalikuwaje? Wote walijibu kwa sauti moja kwamba yalibaki meusi kama wino, wakayamwaga shimoni. Ndugu zangu, kama rangi ingeibwa, maji yale yangekuwa hafifu. Rangi ilikuwamo, nguo ndizo zilizoikataa.

Nilirudi kwenye rasimu yangu, nikaufuta mstari ule. Taarifa iliposomwa katika mkutano mkuu, mama yule hakudai fidia wala hakumnyoshea mtu kidole. Aliomba jambo moja tu: kwamba katika muhtasari liandikwe neno "hakuiba". Likaandikwa. Deni la shilingi 30,000 lilibaki kuwa la kikundi, nacho kililipa kwa kutia rangi nguo nyingine 60 za pamba, kikipata faida ya shilingi 500 kwa kila nguo.

Tangu siku hiyo nimejifunza habari za rangi na vitambaa kwa bidii. Haya ninayowaeleza sasa ndiyo niliyojifunza.

IJUE NGUO YAKO KWANZA

Kila nyuzi ina rangi inayoipokea. Pamba, kitani na viskosi, ambayo hutengenezwa kwa mbao, zote zina asili ya mimea, na zote hupokea vizuri rangi za unga za kutumia nyumbani. Sufu na hariri hutoka kwa wanyama. Hizi, pamoja na nailoni, hupenda rangi inayofanya kazi katika maji yenye siki. Poliesta hutengenezwa kwa mafuta ya petroli. Nyuzi zake zimebanana mno hata maji hayapenyi ndani. Viwandani huitia rangi ya aina yake kwa joto la nyuzijoto 130 hivi, ndani ya mitungi yenye mgandamizo. Sufuria ya nyumbani haiwezi kufika huko. Akriliki, ambayo hufumiwa masweta mengi, nayo haipokei rangi hizi za kawaida.

Nguo nyingi za dukani ni mchanganyiko wa pamba na poliesta. Nguo kama hiyo hupokea rangi nusu: pamba hushika, poliesta hubaki kama ilivyokuwa. Ikiwa poliesta ni zaidi ya theluthi moja, usitegemee rangi iliyokolea.

Namna ya kujua ni tatu. Soma lebo ya ndani. Hata asiyejua lugha ya lebo akariri neno cotton, ndilo pamba. Pili, dondoshea tone la maji: mara nyingi pamba isiyo na dawa ya kiwandani hulinywa upesi, poliesta huliacha likae juu. Tatu, fanya kama alivyofanya mzee fundi: choma uzi mmoja, mbali na watoto, ukiushika kwa koleo dogo juu ya sahani yenye maji. Jivu jepesi na harufu ya karatasi ni pamba. Harufu ya nywele zilizoungua ni sufu au hariri. Tone gumu jeusi ni poliesta. Ukiona jivu na tone pamoja, ni mchanganyiko.

IJUE NA RANGI YENYEWE

Wazee wetu waliijua nili, rangi ya bluu itokayo katika majani ya mmea. Kaniki, ile nguo nyeusi ya samawati iliyovaliwa sana pwani na bara, ilipata rangi yake kwa nili. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza, William Henry Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa akijaribu kutengeneza dawa ya malaria, kwinini, akapata kwa bahati rangi ya zambarau. Huo ukawa mwanzo wa viwanda vya rangi za kemikali. Mwaka 1897 nili ya kiwandani ilianza kuuzwa kutoka Ujerumani, na mashamba ya nili ya India yakaporomoka. Miaka ya 1950 zikapatikana rangi zinazojifunga moja kwa moja na nyuzi za pamba.

Madukani mtakutana na aina tatu. Ya kwanza ni rangi ya maji ya moto, inayotumiwa pamoja na chumvi. Ni rahisi kutumia, lakini hutoka kidogo kidogo kila nguo inapofuliwa. Ya pili ni rangi ya baridi, inayotumiwa pamoja na chumvi na soda ashi, yaani magadi ya unga yaliyosafishwa kiwandani. Hii hujifunga na pamba na hudumu zaidi. Magadi ya kupikia yasitumiwe badala yake kwa kukisia, kwa kuwa yana mchanganyiko wa chumvi nyingine na nguvu yake si sawa. Ya tatu ni rangi zinazotumiwa na mafundi wa batiki, zenye kostiki soda na haidrosulfaiti. Hizo zina rangi imara sana, lakini kostiki huunguza ngozi na macho. Wasiofundishwa kwa mkono wasizitumie.

Kumbukeni pia kwamba rangi ya nguo ni kama kioo cha rangi. Haifuniki, bali huongezeka juu ya iliyopo. Bluu juu ya bluu iliyopauka hurudisha bluu. Nyekundu juu ya bluu huleta zambarau. Njano juu ya bluu huleta kijani. Hakuna rangi itakayoifanya nguo ya giza kuwa nyeupe. Kwa hiyo anayetaka kurudisha rangi achague ile ile ya zamani, au iliyokolea kuliko hiyo. Kanga na vitenge msivitie rangi. Maua na maandishi yake yatazama.

TARATIBU YA KAZI

Nitaeleza taratibu ya rangi ya maji ya moto kwa nguo za pamba. Maelekezo ya pakiti yakitofautiana na haya, fuateni pakiti.

Kwanza, pima nguo zikiwa kavu. Pakiti nyingi hukusudiwa kwa gramu 500 za nguo, yaani sketi mbili au tatu za mtoto. Msitumie mizani ya pamba ya ghalani. Ile ni ya makilo. Tumieni mizani ya dukani.

Pili, fua nguo kwa sabuni na uondoe madoa yote. Rangi haifichi doa. Doa la mafuta hukataa rangi, na pale palipounguzwa na jiki hubaki pakionekana. Baada ya kufua usiikaushe. Nguo yenye unyevu hupokea rangi kwa usawa.

Tatu, andaa sufuria kubwa ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka. Sufuria ya alumini haifai, hasa penye magadi, kwa kuwa huliwa. Sufuria hiyo isipikiwe chakula tena kamwe. Iandike alama.

Nne, koroga unga wa rangi katika kikombe cha maji ya moto mpaka uyeyuke wote, kisha uchuje kwa kitambaa chepesi. Punje moja isiyoyeyuka huacha doa lisilotoka. Funika pua na mdomo unapofungua pakiti, na vaa glavu.

Tano, tia lita 10 hadi 12 za maji ya moto sana, yasiyochemka, kwa kila gramu 500 za nguo. Mimina rangi, kisha tia chumvi ya kawaida kikombe kimoja kilichojaa, kadiri ya gramu 250. Kazi ya chumvi ni hii: nyuzi za pamba zikiwa majini hubeba chaji hasi ya umeme, na rangi nayo hubeba chaji hasi, hivyo husukumana. Chumvi hupunguza msukumano huo, rangi ikasogea na kushika.

Sita, jaribu kwanza kwa kipande kidogo au pindo la ndani. Kumbuka kwamba nguo ikiwa imelowa huonekana imekolea kuliko itakavyokuwa ikikauka.

Saba, ingiza nguo iliyokunjuliwa, si iliyofungwa kama mzigo. Koroga kwa mti bila kusimama kwa dakika 15 za kwanza; hapa ndipo mawimbi huzaliwa. Endelea kuigeuza mara kwa mara mpaka itimie saa moja.

Nane, suuza kwa maji ya vuguvugu, kisha ya baridi, mpaka maji yatoke meupe. Fua mara moja kwa sabuni kidogo. Anika kivulini, ndani nje. Mara tatu za kwanza ifuliwe peke yake.

Tisa, maji yaliyobaki yamwagwe katika shimo lililo mbali na kisima, mto na bwawa la samaki. Watoto wasikaribie.

Mambo mawili ya mwisho. Mishono ya nguo mara nyingi ni ya uzi wa poliesta. Itabaki na rangi yake ya zamani, na hilo si kosa la mtiaji rangi. Pia, wapo wanaoamini kwamba kuloweka nguo ya pamba katika siki au maji ya chumvi baadaye hufunga rangi isitoke. Si kweli. Kinachosaidia ni kusuuza vizuri, maji ya baridi, sabuni isiyo kali, na kivuli.

UPANDE WA CHAMA

Sasa, ndugu makatibu, nimesema sikuja kufungua leja, lakini siwezi kuondoka bila kuigusa.

Kikundi cha wanachama kikitaka kufanya kazi hii kwa pamoja, kinunue kwa jumla na kifanye hesabu kabla. Chukueni mfano wa nguo 40 zenye wastani wa gramu 200 kila moja. Uzito wote ni gramu 8,000. Gawanyeni kwa 500, mnapata pakiti 16. Tuseme pakiti moja ni shilingi 3,000. Hizo ni shilingi 48,000. Chumvi ni kilo 4. Tuseme shilingi 4,000. Kuni na sabuni, tuseme shilingi 8,000. Jumla ni shilingi 60,000, sawa na shilingi 1,500 kwa nguo. Wekeni bei za dukani kwenu mahali pa bei hizi, kisha mlinganishe na bei ya sare mpya. Anayeona tofauti ni ndogo, na anunue mpya.

Kisha fungueni daftari la kupokelea nguo. Kila nguo iandikwe: jina la mwenye nguo, aina ya kitambaa baada ya jaribio la uzi, hali yake, na saini ya mwenyewe. Nguo ya poliesta irudishwe papo hapo, kabla ya fedha kupokelewa. Kama safu hiyo moja ingekuwamo katika daftari la kikundi nilichowasimulia, nguo 25 zisingeingia sufuriani, na mama yule asingelala usiku mmoja akiitwa mwizi.

Rangi ipokelewe na watu wawili. Pakiti zihesabiwe zinapoingia na zinapotoka, na pakiti tupu zihifadhiwe mpaka hesabu ifungwe, kama alivyofanya yeye. Stakabadhi itolewe kwa kila shilingi. Fedha za mazao zisiguswe kwa kazi hii hata kwa siku moja. Mkopo wa kikundi uwe na uamuzi wa Bodi ulioandikwa katika muhtasari.

Nanyi wanachama, msiwe wepesi wa kuhukumu. Mimi ni mkaguzi, nimesoma, nina mihuri na fomu. Lakini karibu nimtie mtu hatiani kwa sababu ya uzi ambao sikuuchunguza. Hesabu zangu zote zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kuuliza kwa mtu anayejua kazi, na mtu huyo alikuwa amekaa sokoni hatua chache tu kutoka ofisi ya chama.

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa kwamba baada ya chakula fundi wetu wa hapa amekubali kuleta mabaki ya vitambaa, na kila katibu atachoma uzi wake mwenyewe aone kwa macho. Viberiti vipo mezani. Naomba yeyote asitoke kabla ya kulijua jivu la pamba, zao analolilima.